Kenya hakuna Form Five: kisa cha mihimili miwili ya walimu wanaume iliyotaka kutupeleka siko

Naandika hiki kisa kwa ajili ya wenzangu wanaoshika takwimu za elimu kwenye asasi, halmashauri na vyuoni, hasa vijana mnaopewa kazi Jumatatu na kutakiwa majibu Alhamisi. Majina nimeyaondoa yote, wilaya siitaji, na shule nitaziita tu ya wasichana na ya mchanganyiko.

Usuli

Ilikuwa mwezi wa sita 2025, hapa Dodoma mjini, kile kipindi upepo wa baridi unapuliza vumbi mpaka kwenye kibodi ya laptopu. Asasi moja ndogo ya elimu, watu watano ofisini, walikuwa wanaandaa andiko la mradi. Kazi yao ni walimu wa sekondari za vijijini: wanachangia nyumba za walimu na wanalipa posho kidogo kwa walimu wa kujitolea. Mfadhili alikuwa na sharti moja ambalo ndo lilizaa kila kitu, alitaka ukurasa wa kwanza uoneshe tatizo kwa takwimu ya kulinganisha na nchi jirani.

Kazi akapewa kijana wa miaka ishirini na sita, nitamwita Afisa. Ni mtu makini kwa kweli na nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu visa vya namna hii huwa vinaandikwa kama vile aliyekosea ni mvivu, huyu hakuwa mvivu hata kidogo, alikesha. Mimi niliitwa mwishoni nipitie namba kabla andiko halijatumwa, nafanya hizo kazi kwa kujitegemea.

Mihimili ilivyozaliwa

Afisa aliingia mtandaoni akatafuta walimu wa sekondari Tanzania na Kenya. Akakuta jedwali linalotokana na takwimu za UNESCO, ile taasisi yao ya takwimu yenye makao Montreal, lina mstari wa walimu wanaume wa sekondari ya juu. Akachukua Tanzania, akachukua Kenya, akaweka kwenye Excel, akachora grafu ya mihimili miwili. Wa Kenya ukapanda mpaka karibu na kichwa cha habari, wa kwetu ukabaki chini kama kisiki.

Sasa mtu yeyote akiona picha ile anashtuka, na walishtuka. Mratibu akasema, sisi kwa sensa ya 2022 tuko milioni 61.7, wenzetu kwa sensa yao ya 2019 walikuwa milioni 47.6, iweje tuwe wengi halafu walimu wanaume wa juu tuwe nao wachache hivi? Hapo hapo tatizo la mradi likaandikwa: Tanzania ina upungufu mkubwa wa walimu wanaume sekondari ya juu. Na suluhisho likafuata lenyewe, kutafuta vijana wa kiume waliomaliza digrii za hisabati na fizikia, kuwalipa posho mwaka mzima, kuwapeleka kwenye shule zenye kidato cha tano na sita. Bajeti ikapangwa, nyumba za walimu zikasogezwa ukurasa wa nane.

Kuna kitu kingine kilitokea usiku ule ambacho mimi ndo nilikikuta baadaye. Kwa upande wa Tanzania, ule mwaka alioutaka ulikuwa na jumla ya walimu na idadi ya wanawake haikuwepo, kisanduku kitupu. Wanaume hupatikana kwa kutoa wanawake kwenye jumla, na yeye akafanya hivyo, ila wanawake aliwachukua kwenye mwaka wa nyuma. Ukifanya hivyo, kila mwalimu aliyeajiriwa katikati ya miaka hiyo miwili, awe mama awe baba, anahesabika mwanaume. Hakuna pa kuliona hilo kwenye grafu.

Swali la mzee

Siku mbili kabla ya dedlaini kulikuwa na kikao cha bodi. Ofisi yenyewe ndogo, watu wamebanana, chai ya rangi na mihogo ya kukaanga mezani. Mmoja wa wajumbe ni mwalimu mstaafu, mzee wa Kigogo, amefundisha Advansi, yaani kidato cha tano na sita, miaka mingi na ana ile tabia ya walimu wa zamani ya kusoma karatasi akiwa ameishika mbali na uso. Afisa akasimama, shikamoo zikapita, akaonesha mihimili.

Mzee akaangalia muda mrefu halafu akauliza kwa upole tu, "Mwanangu, hivi Kenya siku hizi wamerudisha Form Five?"

Afisa akasema, "Hapana mwalimu, sidhani."

"Basi hao walimu wa huko juu wanafundisha darasa gani?"

Kimya. Mimi mwenyewe niliyeitwa kukagua namba nilikuwa nimekagua kujumlisha na kutoa, sikuwa nimeuliza hilo swali, na najua mfumo wa Kenya vizuri tu.

Mzee akaeleza. Enzi zake yeye yuko shule, Kenya, Uganda na Tanzania wote walikuwa na miaka saba ya msingi, minne ya Form One mpaka Four, miwili ya Five na Six, na mitihani ilikuwa ya pamoja Afrika Mashariki. Baadaye Kenya wakaenda 8-4-4 mwaka 1985, miaka minane ya msingi, minne sekondari, minne chuo. Mtihani wao wa kwanza wa KCSE, ule wa kumaliza Form Four, ulikuwa 1989 na Form Five na Six zikafa. Mtoto wa Kenya alitoka Form Four akaingia chuo kikuu moja kwa moja, wa kwetu mpaka leo anapita kwanza Form Six.

Kwa hiyo mhimili ule wa Kenya ulikuwa umebeba walimu wa sekondari nzima ya Kenya, Form One mpaka Four, na wa kwetu umebeba wa kidato cha tano na sita peke yake. Darasa nne upande mmoja, darasa mbili upande wa pili. Na si darasa mbili tu, ni zile mbili ambazo wengi wa waliomaliza Form Four hawafiki.

Kwa nini jedwali linasema hivyo

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo kiini, na wengi wanadhani jedwali limekosea. Halijakosea.

UNESCO wana mpangilio wa kimataifa wa ngazi za elimu, ISCED, toleo linalotumika saivi lilipitishwa 2011. Kazi yake ni kuchukua mifumo tofauti ya nchi na kuipachika kwenye ngazi zinazofanana, ngazi ya 1 msingi, ya 2 sekondari ya chini, ya 3 sekondari ya juu. Haiangalii jina la darasa, inaangalia maudhui na miaka ambayo mtoto amesoma tangu aanze darasa la kwanza. Ngazi ya 2 huishia kwenye mwaka wa 8 mpaka wa 11, ngazi ya 3 mara nyingi inaishia mwaka wa 12 au 13.

Sasa hesabu na mimi. Form Four ya Tanzania ni mwaka wa 11 wa masomo, saba jumlisha nne. Form Four ya Kenya ya 8-4-4 ni mwaka wa 12, nane jumlisha nne, na baada yake ni chuo. Kwa hiyo Form One mpaka Four za Kenya ziliwekwa ngazi ya 3, sekondari ya juu, na darasa la saba na la nane la Kenya, ambalo kwa macho yetu ni shule ya msingi, likahesabika sekondari ya chini. Kwetu Form One mpaka Four zikawekwa ngazi ya 2, Five na Six ndo ngazi ya 3. Cha ajabu umri ni ule ule, Mkenya alianza na miaka sita akasoma minane, Mtanzania alianza na saba akasoma saba, wote wanaingia Form One na miaka kumi na nne. Watoto wa rika moja, walimu wanafundisha karibu mambo yale yale, huku mwalimu anaitwa wa chini na kule anaitwa wa juu.

Na kuna la ufundi pia. Ngazi ya 3 ina matawi mawili, elimu ya jumla na ya ufundi stadi. Nchi moja ikiripoti wakufunzi wa ufundi ndani ya ngazi hiyo na nyingine isiporipoti, hesabu ya wanaume inaruka kabisa, maana karakana za ufundi wa magari, uchomeleaji na umeme zimejaa wanaume.

Tulichoamua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mchungu, kutotuma. Mratibu hakutaka, na namwelewa, dirisha lile la maombi lilikuwa linafungwa Alhamisi na watu wa kujitolea walikuwa hawajalipwa miezi miwili. Hoja yake ilikuwa, tutume tu, tutarekebisha tukiitwa. Mzee akasema wakiitwa watakuwa wameshaahidi walimu wanaume kwa shule ambazo labda hazihitaji walimu wanaume, nani atarekebisha hapo. Ikapita.

Cha pili ilikuwa kuamua tulinganishe nini badala yake. Tukaweka njia tatu mezani. Kwanza kulinganisha Form One mpaka Four kwa Form One mpaka Four, yaani ngazi ya 2 ya kwetu na ngazi ya 3 ya kwao, ambayo kwa jina inaonekana kichekesho ila kwa umri na darasa ndo sahihi zaidi. Pili kuchukua sekondari yote, ngazi ya 2 na 3 pamoja, hiyo tukaikataa fasta kwa sababu ingewaingiza walimu wa darasa la saba na la nane la Kenya. Tatu kuacha kulinganisha idadi kabisa na kulinganisha uwiano, katika kila walimu mia wa ngazi hiyo wanaume ni wangapi, maana uwiano hauvimbi kwa sababu nchi ina darasa nyingi zaidi kwenye ngazi.

Mimi nilisukuma hiyo ya tatu, na mpaka leo naona ndo sahihi kwa swali lao. Idadi tupu ya wanaume haisemi kitu mpaka umweke mwanamke pembeni yake. Ila Afisa ndo alitoa wazo lililo bora kuliko langu. Alisema, bosi, kabla ya Kenya, twende tukahesabu hapa kwenye shule tunazotaka kusaidia, tujue nani anaingia Form Five na Six.

Shuleni

Tulisubiri mpaka mwezi wa saba Form Five waliporipoti. Hilo nalo ni la kukumbuka, kalenda ya kidato cha tano na sita inaanza Julai, ya Form One mpaka Four inaanza Januari, ukienda kuhesabu mwezi wa sita unakuta Form Six wameshamaliza na shule inaonekana kama haina Advansi.

Tulienda shule nne za mkoani. Kwa mkuu wa shule tulipata orodha ya watumishi, kwa mwalimu wa taaluma tukaomba ratiba. Ratiba ndo iliyotufungua macho, orodha ya watumishi haikuambii mwalimu anaingia darasa gani.

Shule ya wasichana, ya bweni, ilikuwa na walimu 38, wanawake 15. Ukiishia hapo unasema si mbaya. Ukifungua ratiba, walioingia Form Five na Six walikuwa 16, na mwanamke ni mmoja. Mmoja! Anafundisha baiolojia kwa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia), na ndiye matroni wa bweni. Shule ya mchanganyiko, walimu 44, wanawake 21, walioingia Advansi 18, wanawake wanne. Fizikia na hisabati kwenye shule zote nne hakukuwa na mwanamke hata mmoja upande wa Advansi.

Yaani lile andiko la kwanza lilikuwa linaomba fedha za kuongeza wanaume mahali ambapo walishakuwa karibu wote.

Kwenye ile shule ya wasichana tukauliza pia, hao 16 ni walimu wa sekondari ya juu kweli? Watatu tu ndo walikuwa na vipindi vya Advansi peke yake, 13 wanachanganya na olevo, yaani Form One mpaka Four. Kwa wiki hao 16 walikuwa na vipindi 330 kwa jumla, vya Five na Six 154. Ukigawa kwa mzigo wa kazi, ni sawa na walimu saba na nusu. Na katika hao 16, watatu ni wa kujitolea, wote wanaume, hawamo kwenye orodha ya serikali. Basi shule moja, siku moja, idadi ya walimu wa sekondari ya juu unaweza kuiandika 16, 13, saba na nusu, au watatu, na kila mmoja akawa na sababu yake. Afisa alikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini akaangalia hizo namba nne kwenye daftari, akaniambia ndo kaelewa kwa nini nilikuwa nasumbua.

Tulimuuliza yule mwalimu wa baiolojia kwa nini wenzake wa kike hawaji. Hakuzungumzia mshahara. Alisema nyumba. Wanaokuja wanapangiwa kukaa kijijini, kilomita kadhaa, vipindi vya jioni vya Advansi vinaisha giza limeingia, mwanaume anapanda bodaboda anaondoka, mwanamke mwenye mtoto mchanga anaomba uhamisho kabla ya mwaka.

Matokeo

Dirisha la kwanza lilipotea, na fedha zake. Wawili kati ya waliokuwa wanajitolea waliondoka, mmoja alikuwa mzuri sana wa hisabati. Hiyo hasara ni ya kweli na siifichi.

Andiko jipya lilitumwa mwezi wa kumi kwa mfadhili mwingine. Ukurasa wa kwanza ukawa na ratiba za shule nne, na Kenya ikawa aya moja tu ya uwiano, ikiwa na maelezo ya ngazi zinavyotofautiana. Ombi likawa nyumba za walimu ndani ya uzio wa shule, zile za mbili kwa moja, jengo moja la familia mbili. Waliomba tatu, walipata moja, na imeenda shule ya wasichana.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuwa na mtu kwenye kikao aliyesimama darasani. Mimi na Afisa tuliangalia safu na mistari, mzee aliona darasa. Bila yeye lile andiko lingetoka, kwa sababu kila kitu kwenye jedwali kilikuwa sahihi, chanzo ni cha kuaminika, namba zimenukuliwa vizuri, ukaguzi wa kawaida usingeikamata.

Kilichotuangusha naona ni tafsiri. Tukisema sekondari ya juu hapa Tanzania, kila mtu anaona Five na Six, haina mjadala, kwa hiyo Afisa hakuwa na sababu ya kushuku kwamba maneno hayo hayo Kenya yana watu wengine ndani yake. Maneno yangekuwa magumu angeuliza, yalikuwa mepesi akapita.

Mimi nilikosea pia na kosa langu ni la kitaalamu zaidi. Nilipewa namba nikakagua namba. Nilipaswa kuanza na maswali ya kipumbavu: darasa gani, miaka mingapi ndani ya hiyo ngazi, umri gani, umma au na binafsi, Bara peke yake au na Zanzibar. Hilo la mwisho linasahaulika sana. Zanzibar ina wizara yake ya elimu, kitabu cha takwimu cha TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, kinahusu Bara, wakati UNESCO wanaandika Jamhuri ya Muungano. Ukichanganya hivyo viwili kwenye grafu moja unaweza kupata ongezeko au pungufu la walimu ambalo halipo.

Sharti la mfadhili nalo lina sehemu yake. Kumwambia mtu atafute nchi jirani ya kulinganisha ni kumwambia atafute pengo, na anayetafuta pengo kwa siku tatu atalipata. Kama unatunga masharti ya maombi, tafadhali waombe watu waoneshe kwanza hali ya shule zenyewe.

Na kuna ambacho hatukufanya vizuri hata mara ya pili. Shule nne ni chache na zote ni za serikali, seminari na binafsi hatukugusa, na huko mgawanyo wa walimu unaweza kuwa tofauti kabisa. Pia ile grafu ya kwanza ilishatoka. Mtu aliipiga picha siku ya kikao akaiweka kwenye grupu la WhatsApp, na mwezi wa kumi na moja niliikuta kwenye slaidi ya mtu mwingine, semina nyingine, mihimili ile ile. Nilimfuata baada ya semina nikamweleza, akashukuru. Sijui wangapi wengine wanayo.

Kwa atakayelinganisha miaka ijayo

Kenya wanaiacha 8-4-4. Kundi la mwisho la Form One liliingia 2024, mwaka 2025 sekondari zao hazikuwa na Form One kabisa, Januari 2026 wameanza Grade 10, na Form Four wa mwisho wanamaliza 2027. Sekondari yao ya juu sasa ni miaka mitatu, Grade 10 mpaka 12. Maana yake idadi ya walimu wa ngazi ya 3 ya Kenya inaweza kushuka kwenye jedwali bila mwalimu hata mmoja kuacha kazi, kwa sababu tu darasa zimepungua kutoka nne kwenda tatu. Na sisi nasi msingi unakuwa miaka sita, darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja 2027, kwa hiyo Form Four yetu itakuwa mwaka wa 10 wa masomo na Form Six mwaka wa 12, ile ile ya Grade 12 ya Kenya.

Afisa ameshaweka jedwali lake dogo ukutani ofisini, nchi mbili, kila mwaka darasa zipi zimo ngazi ya 3. Safu ya 2026 ameijaza kwa penseli.